Moto wa Strasbourg: VPS iliyoungua, bakapu iliyoungua nayo, na kile hasa ambacho wingu linauza

Tarehe 10 Machi 2021, saa 6:47 usiku, moto ulianza katika jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, kando ya mto Rhine mjini Strasbourg, Ufaransa. Kulipopambazuka jengo lote la ghorofa tano lilikuwa limeteketea, pamoja na vyumba 4 kati ya 12 vya jirani yake, SBG1. SBG3 na SBG4 hazikushika moto, lakini umeme wa eneo zima ulikatwa, nazo zikanyamaza. Hakuna aliyejeruhiwa. Netcraft, wanaofuatilia hali ya tovuti duniani, walihesabu tovuti milioni 3.6 kwenye domeni 464,000 zilizotoka hewani, zikiwemo data.gouv.fr ya serikali ya Ufaransa na tovuti ya Centre Pompidou. Waendeshaji wa mchezo wa Rust walipoteza seva 25 za Ulaya na kutangaza kwamba data zilizokuwemo hazitarudi.

Asubuhi hiyo mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaandikia wateja kwenye Twitter waanzishe mipango yao ya kukabiliana na maafa. Ushauri sahihi, ila kwa wengi ulikuwa sawa na kumwambia mtu avae jaketi la kuokolea mtumbwi ukiwa umeshazama.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kinajibu swali ambalo wauzaji hulijibu vibaya: wingu (mashine za kukodi zinazoweza kutawanywa kwenye majengo mengi) linazidi VPS (kipande cha seva moja unachokodi) kwa lipi? Matangazo husema kasi, au unafuu. Kasi ya VPS nzuri yenye diski za kasi za NVMe mara nyingi inaipita mashine ya wingu ya bei ileile, na unafuu tutauona mbele. Jibu lake litawaudhi watu wa mauzo. Tofauti ya kweli ilionekana usiku ule. Ni swali la vitu gani viko chini ya paa moja, na kama una njia ya kujenga upya mfumo mahali pengine bila kumsubiri mtu.

Kilichoungua ni nini hasa

Ukikodi VPS ya kawaida unapewa kipande cha kompyuta moja halisi. Kompyuta hiyo imewekwa programu ya kugawa mashine, na wewe na wapangaji wengine kadhaa mnashiriki prosesa, kumbukumbu na diski zake. Diski huwa mbili zinazoakisiana, kwa hiyo moja ikifa nyingine inaendelea. Watu wengi huishia hapo na kuona wana kinga. Kuakisiana huko kunakulinda dhidi ya kifo cha diski tu. Ubao mama ukiungua, VPS yako inalala mpaka fundi afike. Jengo likiungua, diski zote mbili zinaungua pamoja, kwa kuwa zimepangana sentimita chache ndani ya boksi moja.

Ripoti ya zimamoto wa mkoa wa Bas-Rhin ilieleza kwa nini moto ule haukuzuilika. Jengo halikuwa na mfumo wa kuzima moto wenyewe. Halikuwa na swichi moja ya kukata umeme wote, na kazi ya kuukata ilichukua takriban saa tatu. Dari zilikuwa za mbao zilizokadiriwa kustahimili moto kwa saa moja. Nafasi za ndani zilizopitisha hewa ya kupoza seva ziligeuka bomba la moshi na kuuvuta moto juu. Upande wa umeme, Klaba mwenyewe alisema moja ya UPS (mitambo ya betri ya kushikilia umeme) zilizoonekana zikiwaka ilikuwa imefanyiwa matengenezo siku iliyotangulia. Siku tisa baada ya moto, moshi ulipotoka kwenye betri ndani ya SBG1, kampuni iliamua kutoiwasha tena SBG1 kabisa. Kwa hiyo hata ambaye seva yake iliokoka alijikuta akisubiri ihamishwe.

Sasa linganisha na mpangilio wa wingu linalojengwa kwa zoni. Huko AWS, wingu la Amazon, kwa mfano, kanda moja ina zoni tatu au zaidi, kila zoni ni jengo moja au kundi la majengo lenye umeme na mtandao wake, na zoni za kanda moja haziachani zaidi ya kilomita 100, ili mawasiliano kati yake yabaki ya haraka. Mashine yako haina diski ndani yake. Diski ni huduma ya mtandao, na data zake zimenakiliwa kwenye seva zaidi ya moja ndani ya zoni. Kompyuta iliyobeba mashine yako ikifa, mashine inaweza kuamshwa juu ya kompyuta nyingine na diski ileile. Hiyo ni hatua ya kwanza, na haitoshi kwa moto, kwa sababu diski bado iko zoni moja. Snapshoti ya diski, yaani nakala yake ya wakati fulani, ndiyo inayovuka: hutunzwa kwenye S3, ghala la faili la AWS, ambalo data zake husambaa zoni tatu kwa uchache.

Zipo kampuni za VPS zinazotumia diski za mtandao pia, na yapo mawingu yanayouza mashine yenye diski ya ndani. Jina lililoandikwa kwenye ankara halikuambii kitu. Uliza diski iko wapi.

Neno "imetengwa" mbele ya mahakama

Sehemu inayofundisha zaidi haikuwa moto, ilikuwa kesi iliyoufuata. Mteja mmoja alikuwa na VPS pale Strasbourg na alikuwa analipia ziada kwa ajili ya bakapu (nakala za akiba) za kila siku za moja kwa moja. Maelezo ya huduma yalisema bakapu zimetengwa kimwili na miundombinu ya VPS. Baada ya moto akaambiwa bakapu nazo zimeungua: zilikuwa ndani ya jengo lilelile. Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVH imlipe fidia ya takriban euro 100,000. Kampuni ilijitetea kwamba moto ni janga lisiloepukika. Mahakama haikuona hivyo kuhusu bakapu, kwa kuwa kazi ya bakapu ni kubaki pale janga linapotokea.

Boksi la bakapu linaweza kuwa limetengwa kimwili na boksi la VPS kwa maana ya kwamba ni maboksi mawili. Fundi anayejua kazi husoma maneno hayo na kuuliza anwani: jengo gani, mji gani? Muuzaji asiyeweza kujibu kwa jina la mji, hesabu kwamba huna bakapu, na weka yako mwenyewe kwa kampuni nyingine.

Wingu nalo huungua

Isisomeke kwamba walioandikiwa "cloud" kwenye mkataba walipona. OVH pale Strasbourg walikuwa wanauza pia mashine za wingu, na zilizokuwa ndani ya eneo lile zilizimika kama VPS. Kampuni hiyo ilifungua kanda yake ya zoni tatu jijini Paris mwaka 2024.

Na wakubwa hawakusalimika. Aprili 2023 maji yalivuja ndani ya kituo cha data Paris, yakasababisha moto kwenye chumba cha betri, na zoni europe-west9-a ya Google Cloud ikaanguka. Kwa saa kadhaa za mwanzo kanda nzima ilitetereka. Halafu zoni mbili nyingine zikarudi, huku ile ya kwanza ikikaa wiki nyingi bila kurejea kikamilifu. Aliyekuwa ameweka mfumo wake wote kwenye zoni a peke yake alikuwa na VPS ya bei ghali. Aliyeutawanya alipata usumbufu wa siku moja.

Mfumo mdogo ukijengwa kwa zoni mbili

Chukua mfano wa mfumo wa ada wa kundi la shule. Uko kwenye VPS moja yenye prosesa 4, RAM ya GB 8 na diski ya GB 500. Hifadhidata, inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL, ni ya GB 40, risiti na picha zilizopakiwa ni GB 400, na barua pepe ya ofisi ipo humohumo kwa sababu ilikuwa nafasi ya bure. Kuupeleka kwenye wingu kwa namna inayostahimili moto kunahitaji vipande vinne: kigawa mzigo kinachopokea wageni na kuwaelekeza, seva mbili ndogo za programu kila moja na zoni yake, hifadhidata ya kusimamiwa (inayotunzwa na kampuni ya wingu) yenye pacha kwenye zoni nyingine, na ghala la faili la aina ya S3.

Faili ndizo hutangulia. Ukianza na seva mbili kabla ya kuhamisha faili utaona kichekesho hiki: mzazi anapakia picha ya risiti, ombi linakwenda seva ya kwanza, picha inakaa kwenye diski yake. Mhasibu anaifungua, ombi linaangukia seva ya pili, anaambiwa faili haipo. Anajaribu tena, inaonekana. Mtalitafuta kosa hilo kwenye programu wiki nzima na hamtaliona, kwa sababu halimo kwenye programu. Kumbukumbu za kuingia zina tabia hiyohiyo: zikikaa kwenye diski ya seva, mtumiaji anatolewa nje kila akibofya. Zihamishie kwenye hifadhidata au Redis, hifadhi ya haraka ambayo seva zote mbili huifikia.

Kisha kazi za cron, yaani zinazojiendesha kwa ratiba. VPS moja ilikuwa na cron moja ya kutuma SMS za kukumbusha deni saa 2 asubuhi. Sasa seva ni mbili, zimetengenezwa kutoka taswira (kiolezo cha seva) ileile, na kila moja ina cron yake. Mzazi anapata ujumbe mara mbili, na bili ya SMS inakuwa maradufu. Toa cron kwenye seva za programu na uiweke mahali pamoja, au iwekee kufuli kwenye hifadhidata ili ya pili ikikuta kazi imeshachukuliwa ijiondokee.

Hifadhidata ya kusimamiwa ndipo pesa nyingi huenda, na ndipo faida kubwa ilipo. Kwenye RDS, hifadhidata ya kusimamiwa ya AWS, yenye pacha, kila muamala unaandikwa zoni mbili kabla ya kuthibitishwa, na ya kwanza ikifa, ya pili inachukua nafasi ndani ya sekunde 60 hadi 120. Jina la kuunganishia halibadiliki, inayobadilika ni anwani ya IP nyuma yake. Programu iliyokariri IP ya zamani itaendelea kugonga mlango wa nyumba iliyokufa. Programu za Java zinajulikana kwa ugonjwa huu, kwa hiyo weka muda wa kukariri DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP) uwe sekunde chache.

Jambo ambalo wengi hulipata kwa machozi: pacha si bakapu. Mtu akiandika amri ya kufuta, DELETE, na kusahau WHERE, sehemu inayotaja rekodi zipi zifutwe, pacha anafuta papo hapo kwa utiifu kamili. Kinachokuokoa hapo ni uwezo wa kurudisha hifadhidata kwenye dakika uliyoichagua. RDS hutunza data za kufanya hivyo hadi siku 35, na kwa kawaida unaweza kurudi mpaka takriban dakika 5 kabla ya sasa. Angalia idadi ya siku uliyoiwekea, kwa sababu mipangilio ya haraka haraka huiacha ndogo mno.

Kigawa mzigo hupima afya ya seva kwa kuuita ukurasa fulani. Kwa mipangilio ya kawaida ya AWS kinapima kila sekunde 30, na seva ikishindwa mara mbili mfululizo kinaacha kuipelekea wageni, yaani kama dakika moja. Ukurasa huo usiufanye uulize hifadhidata. Hifadhidata ikiwa katikati ya kuhamia kwa pacha, seva zote mbili zitaonekana zimekufa kwa pamoja, na tatizo la dakika moja litakuwa tatizo la dakika kumi. Ukurasa ujibu tu kwamba programu iko hai.

Baada ya hayo, mfumo mzima uandikwe kwa Terraform au chombo cha aina hiyo, kinachojenga seva kwa kusoma maandishi: kila seva, kila ruhusa, kila sheria ya mtandao. Hapa ndipo VPS inapoachwa mbali zaidi. Seva iliyojengwa kwa mikono kwa miaka minne ina mambo ambayo hakuna anayeyakumbuka, na ikiungua inaungua nayo. Mfumo ulioandikwa unaweza kusimama upya kwenye kanda nyingine kwa amri moja, mradi maandishi yenyewe hayakai kwenye seva inayoungua.

Kuhusu kanda ya kuchagua: kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, kanda za Afrika Kusini zipo tangu Azure, wingu la Microsoft, walipofungua mwaka 2019, AWS wakafuata Cape Town mwaka 2020 na Google wakaingia Johannesburg mwaka 2024. Ukaribu ni mzuri, lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikazorota siku kadhaa. Seva za Cape Town zilikuwa nzima. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyokatika. Kwa hiyo nakala ya ziada iwekwe Ulaya, upande wa pili wa nyaya.

Bei

Wingu ni ghali zaidi. VPS ya mfano wetu hupatikana kwa makumi kadhaa ya dola kwa mwezi. Vipande vinne vilivyotajwa, kwa bei za orodha za AWS, vinavuka dola 150 kirahisi, na pacha wa hifadhidata anakaribia kuizidisha bei ya hifadhidata mara mbili ingawa humtumii kusomea chochote.

Bei ya mashine angalau inaonekana mapema. Linaloshtua watu ni data inayotoka. Kwenye kanda za Marekani na Ulaya AWS hutoza senti 9 za dola kwa kila GB inayokwenda intaneti, baada ya GB 100 za kwanza za bure kila mwezi. Mfumo unaotoa TB 2 kwa mwezi unalipa dola 171 kwa hilo peke yake, wakati kampuni za VPS za Ulaya hujumuisha TB kadhaa ndani ya bei. Mtego wa pili ni lango la NAT, linalowekwa ili seva za ndani zifike intaneti: kwenye kanda ya Virginia, Marekani, ni senti 4.5 kwa saa, yaani karibu dola 32 kwa mwezi, na senti 4.5 nyingine kwa kila GB inayopita. Seva zikiwa zinapeleka bakapu kwenye S3 kupitia lango hilo, unalipia kila GB bila sababu. Njia ya ndani ya kwenda S3 ni bure, inabidi tu uiwashe. Weka tahadhari ya bajeti siku ya kwanza, kabla ya kuwasha mashine yoyote.

Kuhusu kulipia ulichotumia tu, faida ipo kwa mwenye mzigo wa kupanda na kushuka. Siku za kufungua shule mfumo wa ada unahitaji seva nne, wiki inayofuata moja inatosha. Lakini seva mpya huchukua dakika kadhaa kuamka na kuwa tayari. Msongamano wa ghafla utaikuta bado inavaa viatu. Zipangie ratiba ziamke saa moja kabla.

Anayebaki na VPS

Mfumo ambao ukilala siku nzima hakuna atakayeumia, ubaki kwenye VPS. Mengi ya yaliyopotea Strasbourg yangeokolewa kwa dola chache: bakapu nje ya kampuni ileile. Kwa mfano wetu, `pg_dump` (amri ya kunakili hifadhidata) kila saa sita na `restic` (programu ya bakapu) ya faili kila usiku kwenda kwenye ghala la kampuni nyingine, nchi nyingine. Ufunguo uliopo kwenye VPS uruhusiwe kusoma na kuongeza tu, usiruhusiwe kufuta bakapu, ili mvamizi akiingia asifute na bakapu.

Halafu piga hesabu ya muda wa kurudisha. GB 400 kwa laini ya Mbps 100 ni sekunde 32,000, karibu saa 9, kabla hujaanza kujenga chochote. Kwa Gbps 1 ni dakika 53. Wengi hujua bakapu zao zipo ila hawajawahi kujua kwamba kuzirudisha ni kazi ya usiku kucha.

TTL ya DNS, muda ambao anwani ya seva yako hukaririwa na wengine, ishushwe hadi sekunde 300 leo, wakati kila kitu ni kizima. Ikiwa 86,400, wageni wako wengine wataendelea kupelekwa kwenye jengo lililoungua hadi kesho yake. Na ile barua pepe ya ofisi iliyokaa humohumo kwenye VPS itoke. Akaunti ya domeni ikiwa imeandikishwa kwa anwani hiyo, utakapoomba kubadilisha nywila ili uelekeze domeni kwenye seva mpya, ujumbe wa uthibitisho utatumwa kwenye sanduku la barua lililogeuka majivu.

Mara moja kila miezi mitatu, fungua seva mpya tupu kwa kampuni nyingine, mpe mtu ambaye hakuujenga mfumo karatasi ya maelekezo na saa mkononi, wewe kaa pembeni usiguse. Andika kila pale anapokwama: nywila isiyojulikana iko wapi, toleo la PostgreSQL lisilolingana, cheti cha TLS (cha usalama wa tovuti) kilichosahaulika, ruhusa ya malipo ya simu iliyofungwa kwenye IP ya zamani. Hilo la mwisho hujitokeza karibu kila mara, na kulibadilisha kunahitaji barua kwa kampuni ya simu na siku za kazi za kusubiri, kwa hiyo omba IP ya pili iandikishwe mapema.